Siku Nane za Ngamia: Historia ya Mimba Zinazopotea Mapema

Vita vya Shifta vilipoisha mwaka 1967, Waborana wengi wa Waso, katika Isiolo, walibaki mikono mitupu. Miaka minne kabla ya hapo walihesabiwa miongoni mwa matajiri wa mifugo kaskazini mwa Kenya. Vita viliwabana katikati: huku wapiganaji waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, huku jeshi la serikali changa lililomtilia shaka kila mwenye mifugo. Watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, Garba Tulla na Merti, na mifugo ikazuiwa karibu na vijiji hivyo hadi nyasi zikaisha. Ngamia ndiye aliyeonja taabu zaidi, kwa kuwa alishukiwa kubeba silaha na chakula cha wapiganaji. Ngamia wengi walipigwa risasi. Wazee hukiita kipindi hicho gaafa daba.

Kuanza upya hakukuwa kazi ya mwaka mmoja. Mbuzi huzaa baada ya miezi mitano, na mwenye mbuzi kumi anaweza kulijaza zizi katika misimu michache ya mvua. Ngamia hana haraka hiyo. Mtamba huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka mitano hivi, hubeba mimba kwa miezi 13, kisha hunyonyesha mwaka mzima au zaidi. Kati ya ndama mmoja na mwingine hupita miaka miwili, na ukame ukiingia hupita mitatu. Kwa mfugaji aliyetoka vitani na majike watatu, mimba moja ikiharibika ni pengo la miaka katika maisha ya nyumba yake.

Hasara za wazi wafugaji walizijua. Walijua ugonjwa wa sura, unaoenezwa na inzi wanaouma, ambao humkondesha ngamia na kumfanya atupe mimba. Walijua pia ugonjwa wa kutupa mimba ambao madaktari wa mifugo huuita bruselosi. Katika hasara hizo kuna kitu cha kuonekana: damu, kijusi kilichoanguka mchangani, mnyama aliyedhoofika. Lakini ipo hasara nyingine isiyoacha alama. Jike hupandwa na dume, dalili za mimba zikaonekana, mchungaji akafurahi. Baada ya wiki chache jike huyo humtafuta dume tena kama kwamba hakuna lililotokea. Hakuumwa wala hakutokwa na kitu. Mimba ilikuwapo, sasa haipo.

Ofisi za serikali hazikuwa na jibu. Mji wa Isiolo wenyewe ulikua, kwa sehemu kubwa, kama kituo cha karantini ya mifugo wakati wa ukoloni. Kazi ya karantini ilikuwa kuzuia magonjwa ya ng'ombe wa kaskazini yasifike kwenye mashamba ya masetla kule kusini. Ngamia hakuwa mnyama wa masetla, na yanayotokea tumboni mwake hayakumshughulisha ofisa yeyote. Jibu lilianza kutafutwa mbali sana na Waso, na lilianzia kwa sungura.

Sungura wa Breslau

Mwaka 1672, daktari Mholanzi Reinier de Graaf alieleza vijifuko vya ovari, na akaona kwamba baada ya kijifuko kupasuka, mahali pake huota kivimbe. Marcello Malpighi wa Italia akakipa kivimbe hicho jina la mwili wa njano. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyejua kazi yake, na wengi walidhani ni kovu tu.

Gustav Born, profesa wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, alikufa mwaka 1900. Kabla ya kufa alimwachia Ludwig Fraenkel, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, wazo moja: huenda mwili wa njano ni tezi, na kazi yake ni kuuandaa mji wa mimba ili mimba ishike. Fraenkel alichagua sungura kwa sababu maalumu. Sungura jike hatoi yai mpaka apandwe, na akishapandwa yai hutoka baada ya muda wa saa 10 hivi, kwa hiyo mtafiti anajua umri wa mimba bila kubahatisha. Fraenkel aliiunguza miili ya njano ya sungura waliopandwa siku chache zilizopita, akaziacha ovari zenyewe mahali pake. Mimba zikapotea. Alipoibakiza miili hiyo, mimba ziliendelea. Alitangaza matokeo yake ya kwanza mwaka 1901, na mwaka huo huo Vilhelm Magnus wa Norway alifikia jambo lile lile kwa njia yake.

Mfugaji wa Isiolo angemwelewa Fraenkel haraka kuliko mkulima wa Ulaya aliyezoea ng'ombe na kondoo. Ngamia naye yumo katika kundi la sungura: hatoi yai bila dume. Jambo hilo litarudi mbele.

Utando unaobadilika

Swali lililobaki lilikuwa hili: mwili wa njano unafanya nini hasa ndani ya mji wa mimba? Mwaka 1907 Leo Loeb, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliukwaruza utando wa ndani wa mji wa mimba wa panya wa Guinea. Mahali alipokwaruza paliota nyama nene inayofanana na upande wa mama wa kondo la nyuma, ingawa hapakuwa na mimba yoyote. Nyama hiyo iliota tu ikiwa mnyama alikuwa na mwili wa njano hai. Utando ulikuwa umeshaandaliwa kumpokea mgeni, ukausikia mkwaruzo kama hodi.

Mwaka uliofuata, mjini Vienna, Fritz Hitschmann na Ludwig Adler walionyesha kwamba utando wa mwanamke hubadilika sura kila mwezi kwa utaratibu unaotabirika. Kabla yao, madaktari wengi waliokiona kipande cha utando mnene, wenye tezi zilizopindapinda, waliandika kwamba mgonjwa ana uvimbe wa mji wa mimba, wakaanza kumtibu. Kumbe mgonjwa alikuwa mzima, na kilichotofautiana ni siku aliyochukuliwa kipande.

Utaratibu wenyewe ni huu. Nusu ya kwanza ya mwezi, homoni ya estrojeni huufanya utando unenepe. Yai likishatoka, mwili wa njano huanza kumwaga projesteroni, nayo husimamisha kunenepa na kuugeuza utando tabia: tezi hujipinda na kujaa chakula cha sukari, mishipa midogo ya damu hujikunja, na seli hufura. Utando huwa tayari kupokea mimba kwa siku chache tu. Mimba isiposhika, mwili wa njano hufa baada ya wiki mbili, projesteroni hushuka, mishipa hubana, na utando humomonyoka na kutoka kama hedhi. Mimba ikishika, kiini tete chenyewe hutuma homoni yake, ile ile inayosomwa na kipimo cha mkojo cha dukani, kuuambia mwili wa njano usife. Ujumbe ukichelewa, hedhi huja na mwanamke asijue kwamba siku mbili tatu alikuwa mjamzito.

Gharama ya kuchelewa ilipimwa vizuri mwaka 1999, pale Allen Wilcox na wenzake huko North Carolina walipochapisha uchunguzi wa mikojo ya wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto. Mimba nyingi zilishika siku ya 8, ya 9 au ya 10 baada ya yai kutoka. Zilizoshika kufikia siku ya 9 zilipotea 13 kwa kila 100. Zilizoshika siku ya 10 zilipotea 26 kwa 100, za siku ya 11 zikapotea 52, na zilizochelewa kupita hapo zikapotea 82.

Kutoka ovari za nguruwe hadi kiazi cha Mexico

Kuipata homoni yenyewe kulichukua miongo mitatu baada ya Fraenkel. Huko Rochester, Marekani, George Corner na mwanafunzi wake Willard Allen waliwatoa ovari sungura wenye mimba changa, kisha wakawadunga dawa waliyoikamua kutoka miili ya njano ya nguruwe. Mwaka 1929 waliweza kutangaza kwamba mimba zilisalimika. Kabla ya hapo palikuwa na miezi ya kuchanganyikiwa: dawa ilimkubali Allen ikamkataa Corner, ingawa wote walifuata hatua zile zile. Mwisho waligundua kwamba Corner alikuwa na tabia ya kuchagua sungura wadogo na Allen wakubwa. Sungura ambaye hajapevuka utando wake haujaonja estrojeni, na utando usioonja estrojeni hauitikii projesteroni. Homoni peke yake haitoshi, lazima nyama inayoipokea iwe imeandaliwa.

Mwaka 1934 maabara kadhaa zilifaulu kuisafisha projesteroni karibu wakati mmoja. Adolf Butenandt wa Ujerumani alitumia ovari za nguruwe 50,000 ili apate miligramu 20 hivi. Dawa ya namna hiyo haiwezi kumfikia mgonjwa. Iliyoishusha bei ni kazi ya Mmarekani Russell Marker, ambaye katika miaka ya 1940 aliitengeneza kwa kilo kutoka jamii ya viazi vikuu vya mwituni nchini Mexico. Fraenkel mwenyewe wakati huo hakuwa tena Breslau. Alikuwa Myahudi, na utawala wa Hitler ulimfanya akimbilie Uruguay.

Dawa ilipopatikana, haraka ya kuitumia ilizidi ujuzi. Jambo baya zaidi halikufanywa na projesteroni bali na jamaa yake, estrojeni ya maabara iitwayo diethilstilbestroli. Mwaka 1948 George na Olive Smith wa Boston walidai kwamba inazuia mimba kuharibika, na madaktari wakaanza kuwaandikia wajawazito. Mwaka 1953 William Dieckmann wa Chicago alichapisha jaribio la wanawake zaidi ya 1,600, nusu wakipewa dawa na nusu vidonge visivyo na kitu, akaonyesha kwamba dawa haikusaidia. Iliendelea kuandikwa kwa miaka 18 zaidi. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake walieleza habari za wasichana 8 wenye saratani adimu ya uke, na mama 7 kati ya 8 walikuwa wamepewa dawa hiyo walipowabeba mimba. Ndipo serikali ya Marekani ilipoonya isipewe wajawazito.

Projesteroni nayo ilipitia mahakama yake. Mwaka 1949 Georgeanna Seegar Jones wa Baltimore alieleza kwamba wapo wanawake ambao mwili wao wa njano ni dhaifu, na kwa hiyo utando wao hauivi kwa wakati. Mwaka 1950 watafiti Noyes, Hertig na Rock walitoa mwongozo wa kusoma umri wa utando siku kwa siku kwa hadubini, na kwa nusu karne kliniki nyingi zilikata vipande vya utando ili kutafuta upungufu huo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kipimo hicho hakiwatofautishi wanawake wenye shida na wasio nayo. Hata hivyo msingi wa wazo ulikuwa imara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Arpad Csapo alionyesha kwamba mwili wa njano ukiondolewa kabla ya wiki ya 7, mimba ya mwanamke hutoka; ukiondolewa baada ya wiki ya 9, mimba husimama, kwa sababu kondo la nyuma limeshachukua kazi ya kutoa projesteroni.

Khartoum, Rabat, Dubai

Wakati haya yote yakiandikwa kuhusu sungura, nguruwe na wanawake, ngamia alikuwa bado hajafunguliwa ukurasa wa maana. Kazi ilipoanza, ilianzia katika nchi zenye ngamia. Mwaka 1978 Babiker Musa na M. E. Abusineina wa Sudan walieleza mzunguko wa joto la ngamia jike. Mwaka 1986 Marie na Anouassi, waliofanya kazi Morocco, walipima homoni na kuthibitisha kwamba kupandwa ndiko kunakoamsha yai kutoka. Watafiti wa China walikuwa wameshaonyesha, mwaka 1985, kwamba shahawa yenyewe ina kitu kinacholiamsha yai kwa ngamia wa nundu mbili. Mwaka 2012 timu ya Marcelo Ratto na Gregg Adams ilikitambua kitu hicho kuwa ni protini inayojulikana kwa kazi ya kukuza neva.

Pesa kubwa zilitoka Ghuba, kwa ajili ya ngamia wa mashindano. Huko Dubai kulijengwa Kituo cha Uzazi wa Ngamia, ambako Lulu Skidmore, akishirikiana na Twink Allen wa Uingereza, alifuatilia mimba za ngamia siku baada ya siku kwa mashine ya ultrasaundi. Kituo hicho kilijulikana duniani mwaka 1998 kwa kuzaliwa kwa Rama, mtoto wa ngamia na guanako, jamaa yake wa Amerika Kusini, na tena mwaka 2009 kwa Injaz, ngamia wa kwanza kutengenezwa kwa njia ya kloni, kazi iliyoongozwa na Nisar Wani. Kwa mfugaji wa Waso, habari kubwa zaidi zilikuwa zile ambazo hazikutangazwa magazetini.

Ya kwanza ni ufupi wa muda. Kwa ngamia ambaye mimba haikushika, mwili wa njano hufikia kilele chake siku ya 8 au ya 9, kisha mji wa mimba humwaga kemikali inayouua, na kufikia siku ya 11 projesteroni imeshaanguka. Kiini tete kina siku kama nane tu za kujitambulisha. Hutoa estrojeni kwa wingi mapema sana, na watafiti wengi huihesabu kuwa sehemu ya ujumbe wake.

Ya pili ni upande. Mji wa mimba wa ngamia una pembe mbili, ya kushoto kubwa kuliko ya kulia. Ovari zote mbili hutoa mayai kwa kiwango karibu sawa, lakini mimba takriban 99 kwa kila 100 hukua pembe ya kushoto. Kiini tete kilichotoka ovari ya kulia lazima kisafiri hadi kushoto, na kinachobaki kulia ni nadra kufika mbali. Mapacha hutungwa mara nyingi na huzaliwa mara chache mno.

Ya tatu ni kwamba ngamia hana wiki ya 9 ya Csapo. Kondo lake la nyuma halichukui kamwe kazi ya kutoa projesteroni ya kutosha. Mwili wa njano lazima uishi miezi yote 13, na ukifa siku yoyote, mimba nayo hutoka.

Mkia

Waliosoma haya Isiolo walikuta sehemu yake wanaijua. Wafugaji wa ngamia, kutoka Sahara hadi Waso, hawangoji tumbo kukua ili wajue jike ameshika. Dume huletwa karibu, au mchungaji mwenyewe humkaribia jike. Jike mwenye mimba hujikaza, huinua kichwa, na mkia wake hupinda juu na kusimama. Dalili hiyo huanza wiki mbili hivi baada ya kupandwa, wakati ambapo hata daktari mwenye ultrasaundi ndiyo kwanza anaanza kuona kitu.

Kinachouinua mkia ni projesteroni. Jike ambaye mwili wake wa njano ulikufa siku ya 10 ameshaikosa homoni hiyo kabla mchungaji hajaja kumpima, na mkia wake hubaki chini. Aliyeinua mkia kwa mwezi mmoja kisha akaacha, mimba yake imekwenda. Mchungaji hakuwa na jina la homoni, lakini alikuwa akisoma kiwango chake kwa macho, kila siku, bila gharama. Kipimo chake kina kasoro moja: mkia huonyesha projesteroni, na projesteroni yaweza kuwapo kwa muda hata pale ambapo kiini tete hakipo. Ndiyo maana wazoefu hurudia kupima wiki kwa wiki badala ya kuamini siku moja.

Leo maziwa ya ngamia ya Isiolo husafiri kila siku kwenda Nairobi, na akina mama wa ushirika wa Anolei wameyafanya kuwa biashara inayolipa karo. Maziwa hayo hayapatikani bila ndama, na ndama hapatikani bila mimba iliyovuka siku zile nane. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilipokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020, majike waliokonda walikosa joto, na wengine walishika wakapoteza.

Katika boma lile lile lenye ngamia, yumo pia mwanamke. Sayansi imeshamfanyia hesabu. Kati ya mimba zinazojulikana, kama 15 kwa kila 100 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12, na nusu au zaidi ya hizo huharibika kwa sababu kromosomu za kiini tete zilikosewa tangu mwanzo. Hizo hakuna homoni ya kuziokoa. Mwaka 2015 Arri Coomarasamy wa Birmingham na wenzake walijaribu projesteroni kwa wanawake 836 waliopoteza mimba mara kadhaa bila sababu kujulikana. Waliojifungua salama walikuwa 65.8 kwa 100 kwa wenye dawa na 63.3 kwa wasio nayo, tofauti isiyotosha kutegemewa. Mwaka 2019 jaribio la wanawake 4,153 waliotokwa na damu mimba ikiwa changa lilitoa 75 dhidi ya 72. Lakini kwa waliokuwa wakitokwa na damu na wameshapoteza mimba tatu au zaidi, ilikuwa 72 dhidi ya 57. Ndiyo maana tangu mwaka 2021 mwongozo wa Uingereza unashauri projesteroni ya kuweka ukeni kwa mjamzito anayetokwa na damu na ambaye amewahi kupoteza mimba, si kwa kila mwenye hofu. Mwanamke wa namna hiyo, akiwa Isiolo au kwingine, ana swali halali la kumuuliza daktari wake, na ana haki ya kulipeleka mapema.

Wengine wote wana haki ya jambo rahisi zaidi. Ngamia jike akishusha mkia, hakuna anayemuuliza alibeba nini, alipita wapi au alimkosea nani. Mwenye mali hungoja apate nguvu, hutazama malisho, kisha humrudisha kwa dume. Mke wa mwenye mali hiyo hiyo akipoteza mimba ya wiki saba, huulizwa kama aliinua mtungi mzito, kama alikasirika, kama ana jicho la mtu. Karne nzima ya sungura, nguruwe na ngamia haikupata mtungi popote katika sababu hizo. Ilikuta kromosomu, utando, tezi ndogo ya njano, na ujumbe uliochelewa siku mbili.